Kanzu Ndogo ya Samweli na Paka Asiye na Mdomo

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Kutoka 23:1, 1 Samweli 2:18–21, 1 Wakorintho 10:23–33, 1 Wakorintho 14:20

Somo la juma hili linaanza na toba yangu mimi mchungaji wenu, kwa hivyo naomba mnisome hadi mwisho.

Ukipita Gakoromone hapa Meru, ama kwenye vibanda vya mitumba kule Embu mjini, utawaona. Ni vijana wa chuo na wengine waliomaliza kidato cha nne juzi tu. Wamevaa nyeusi toka juu hadi chini, buti nzito, kucha nyeusi, halafu kifuani kuna katuni ya watoto: Mickey Mouse, Tom na Jerry, SpongeBob. Na zaidi ya wote, yule paka mweupe mwenye utepe mwekundu sikioni, Hello Kitty. Wengine hujiita emo, wengine goth, wengine hawajiiti chochote. Wanarauka robota likifunguliwa ili wapate kamera, yaani zile nguo safi zinazochaguliwa kwanza.

Sisi wazee tunashtuka. Mtu mzima, tena amevaa kama anaenda matanga, na katuni ya nini?

Mwaka jana kwenye ibada ya vijana nilisimama madhabahuni nikasema kwamba Hello Kitty ni agano la shetani. Nilisimulia habari niliyotumiwa kwa WhatsApp: ati kuna mama wa China aliyekuwa na mtoto mwenye saratani ya mdomo, akaahidi shetani kwamba mtoto akipona atamtengenezea sanamu itakayopendwa duniani kote. Ati ndiyo maana paka hana mdomo, na ati "Kitty" kwa Kichina ni shetani. Kisha nikaita wenye vitu hivyo wavilete mbele. Wachache walikuja. Binti mmoja wa kwaya, aliyekuwa na mkoba wa paka huyo, hakuja. Aliinuka, akatoka, na Jumapili iliyofuata hakuonekana.

1. KWANZA, UKWELI

Baadaye kijana mmoja aliniuliza kwa heshima, "Pasta, hiyo habari uliitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hello Kitty hakutoka China. Alibuniwa Japani mwaka wa 1974 na kampuni ya Sanrio, na mchoraji wa kwanza ni mwanamke anayeitwa Yuko Shimizu. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kijipochi cha kuwekea sarafu. "Kitty" si Kichina. Ni neno la Kiingereza ambalo watoto huitia paka mdogo. Na mdomo? Kampuni yenyewe imeeleza kwamba hakuchorewa mdomo ili anayemtazama aone hisia zake mwenyewe. Ukiwa na furaha, unamwona amefurahi. Ukiwa na huzuni, unaona mnahuzunika pamoja.

Hiyo ni biashara, wapendwa. Kampuni inatafuta pesa kama kampuni nyingine yoyote. Lakini biashara si agano na shetani, na mimi nilisema ni agano. Torati katika Kutoka 23 inatukataza kupeleka neno lisilo la kweli. Haikusema "isipokuwa kama unalipeleka ili kuwatisha vijana waokoke." Uongo ukisemwa madhabahuni haugeuki kuwa kweli. Ukishatamkwa na maikrofoni, hata unafika mbali zaidi. Kwa hivyo natubu mbele za Mungu na mbele yenu.

2. HANA NA KANZU NDOGO

Nilikwenda nyumbani kwa yule binti kuomba msamaha. Shosho yake alinikaribisha chai. Haya ninayoandika nimepewa ruhusa na wote wawili.

Mama yake alienda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani binti akiwa darasa la tano. Kabla ya Krismasi sanduku lilikuja, na ndani yake mkoba wenye paka huyo. Mwaka uliofuata ikaja fulana, paka yuleyule, manake mama alijua mtoto wake anampenda. Mwaka wa tatu, soksi na daftari. Halafu masanduku yakakoma, na simu zikawa za nadra. Akaniambia, "Pasta, zile nguo hazinitoshi tena. Ndiyo maana natafuta za saizi yangu Gakoromone."

Nilishindwa kumeza chai.

Sasa rudi kwa 1 Samweli 2. Hana alimwacha mtoto wake Shilo akiwa mdogo. Huko Samweli alipewa vazi la kitani la huduma. Lakini kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo akampelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Umewahi kujiuliza alijuaje kipimo? Alikuwa akimwona mara moja tu kwa mwaka. Ilimbidi akadirie mtoto amekua kiasi gani, ashone kwa imani. Kanzu ile ilikuwa inamwambia Samweli, "Mama hajakusahau."

Na kuhani Eli alifanya nini? Hatusomi kwamba aliikemea kanzu. Tunasoma kwamba aliwabariki wazazi.

Wengi wa vijana hawa wana kanzu yao ndogo. Mmoja anakumbuka akitazama Tom na Jerry na babake kabla ya msiba. Mwingine alikuwa shule ya msingi Machi 2020 shule zilipofungwa, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 alikuwa ameshakuwa mtu mwingine. Utoto ulikatika katikati. Sisemi kila fulana ina machozi ndani yake. Wengine wanapenda tu mtindo, na hiyo nayo si dhambi. Nasema hutajua mpaka uulize.

3. SOKONI BILA HOFU, LAKINI KWA UPENDO

Korintho kulikuwa na soko la nyama, na baadhi ya nyama ilikuwa imepitia kwa sanamu. Paulo hakuwaambia waumini wafunge biashara. Aliwaambia wanunue na kula bila kuhojihoji, manake dunia yote ni ya Bwana. Lakini palepale akaongeza: ndugu yako akikwazika, mfikirie yeye. Uhuru na upendo vinatembea pamoja.

Tukumbuke pia tulikotoka. Wamisheni walipofungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka wa 1910, na Kaaga, Meru, mwaka wa 1912, waliokwenda kusoma waliitwa athomi. Waliacha mavazi ya ngozi wakavaa nguo za kitambaa, na jamaa zao waliona wamepotea kabisa. Leo hizo nguo za "waliopotea" ndizo tunaita mavazi ya heshima ya Jumapili. Mavazi hubadilika, Mungu bado anatazama moyo, kama alivyomfundisha Samweli mwenyewe siku ya kumpaka Daudi mafuta.

KWA VIJANA

Nanyi nawaambia bila kuwaficha. Mtumba huja na maneno. Soma kilichoandikwa kifuani kabla ya kulipa. Kuna fulana zina matusi ambayo mwenyewe hungeyatamka mbele ya shosho. Na katika 1 Wakorintho 14:20 Paulo anatutaka tuwe watoto wachanga katika mambo ya uovu, lakini watu wazima katika kufikiri. Weka kumbukumbu ya utoto, ni zawadi. Lakini usijifiche humo. Samweli alivaa kanzu ya mamake, na usiku Bwana alipomwita aliamka akaitika. Kama kuna jambo linakuumiza, fulana haiwezi kulisema kwa niaba yako. Paka hana mdomo, lakini wewe unao. Tuambie.

KWA WAZAZI NA VIONGOZI

Kabla hujatuma habari ya kutisha kwa grupu ya kanisa, uliza imetoka wapi. Usimrudishe kijana mlangoni kwa sababu ya picha. Mkaribishe, kisha siku nyingine muulize polepole, "Hii inakukumbusha nini?" Halafu nyamaza usikilize.

Yule binti hajarudi kwenye kwaya. Jumapili iliyopita alikuja akakaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani. Hakuna aliyemsumbua, na mama mmoja wa ushirika alihamia kiti cha kando yake. Namshukuru Mungu kwa mama huyo.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni habari gani uliwahi kuisambaza kanisani bila kuhakikisha? Utairekebisha vipi?
2. Nyumbani kwako kuna kitu gani kinachokukumbusha mtu aliye mbali?
3. Soma tena 1 Wakorintho 10:23–33. Kijana afanye nini mzee akikwazika na vazi lake? Na mzee afanye nini?
4. Ni nani aliyeacha kuja kwa sababu ya neno letu? Nani atakwenda kwake juma hili?

OMBI

Baba, utusamehe kwa maneno tuliyosema kwa jina lako nawe hukututuma. Wakumbuke mama zetu na dada zetu walio Saudi Arabia na kote Ghuba. Uwalinde, uwarudishe salama. Uwafunike watoto walioachwa, na utufanye sisi kuwa nyumba ambayo mtoto anaweza kuirudia. Kwa jina la Yesu, Amina.