MAPOROMOKO YALINIPA SOMO

Sote tumesoma katika Jiografia jinsi maporomoko ya maji yanavyotokea. Wengi wetu tulikariri, tukapita mtihani, basi. Mimi nililisoma somo hilo mara ya pili bila mwalimu, na karo yake nililipa kwa kifundo cha mguu. Nimeonelea niwagawie niliyoyapata.

Likizo ya Agosti nilitoka Nakuru kumtembelea shangazi yangu Nyahururu. Mji huo uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini usidhani kuna joto! Uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya kwanza nilivaa sweta mbili.

Siku ya tatu nikasema, "Shangazi, naenda hapo sokoni mara moja." Ukweli ni kwamba nilikuwa nikienda kuyaona maporomoko ya Thomson. Nilihofia angeniambia niandamane na binamu zangu wadogo, nami nilitaka kutembea kama mtu mzima.

Jinsi yalivyo

Mto Ewaso Narok unafika ukingoni mwa genge na kuporomoka mita 74 hivi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba maporomoko mengi hutokea mahali ambapo mwamba mgumu umelalia mwamba laini. Maji huula ule laini upesi, na ule mgumu hubaki umening'inia kama paa lisilo na nguzo. Mwishowe hukatika na kuanguka. Ndiyo sababu chini huwa na mawe makubwa makubwa.

Nikiwa juu nilikumbuka Fizikia pia. Kitu kikianguka mita 74 bila kuzuiwa na hewa, huchukua sekunde 3.9 hivi na kufika chini kwa kasi ya kilomita 137 kwa saa. Lakini hewa huyavunja maji, mengine yakawa manyunyu. Manyunyu hayo ndiyo yanayolowesha korongo na njia yake. Hesabu niliifanya vizuri, ila hilo la njia sikulitilia maanani.

Nilivyoanguka

Kijana mmoja anayeongoza wageni aliniuliza, "Nikupeleke chini, bosi?" Nikamjibu, "Aa-a, najua njia." Sikuijua.

Njia inateremka kwa ukali hadi chini ya korongo. Nilipokaribia kufika, nilikanyaga jiwe lenye utando wa kijani, laini kama sabuni. Mguu ukaenda zake, nikaketi chini pwaa! Kifundo kikateguka. Nikapiga kelele. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikulisoma kitabuni: mngurumo wa maji ulimeza sauti yangu, hata mimi mwenyewe niliisikia kwa shida. Kule juu watu walikuwa wakipigana picha. Mvua ya alasiri ikaanza. Nikawaza, nisiporudi leo, shangazi ataanza kunitafuta wapi? Sokoni!

Nilikaa pale hadi nikaanza kutetemeka. Ndipo akapita mama mmoja na mwanawe, wamebeba kuni.

"Kijana, uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama."

"Na nyumbani wanajua uko huku?"

Nikanyamaza. Hakuniuliza tena. Mwanawe aliniazima bega, tukapanda pole pole. Mama yule alibeba mizigo yote miwili ya kuni, wake na wa mwanawe.

Shangazi hakunigombeza. Alikuwa amezunguka soko zima kwenye mvua, akiniulizia kibanda kwa kibanda. Leso yake ilikuwa ikichuruzika maji. Kwa kweli nilitamani angenichapa.

Mambo ya kukumbuka

1. Kabla ya kwenda, mwambie mtu unakokwenda kwa kweli, na saa utakayorudi.

2. Muulize mwenyeji njia. Kuuliza si ujinga.

3. Karibu na maporomoko, usiliamini jiwe linalong'aa. Jaribu kwa fimbo kwanza.

4. Beba filimbi. Mlio wake mkali husikika kuliko sauti ya mtu.

5. Mvua ikinyesha, ondoka kandokando ya mto. Maji yanaweza kupanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali, huko mto unakotoka.

Tena, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tusichanganye maneno. Kuporomoka ni kushuka kwa kishindo na kwa wingi, kama maji au udongo wa mlimani. Kuanguka ni kwa kitu chochote. Kwa hiyo siku ile maji yaliporomoka, mimi nikaanguka!

Maporomoko hayo yaliitwa Thomson na Joseph Thomson, Mskoti aliyeyafikia mwaka wa 1883. Aliyapa jina la babake, ingawa wenyeji waliyajua zamani kabla yake. Nilipokuwa nimelazwa kitandani nilijilinganisha naye, nikajiona msafiri kama yeye. Kumbe hata yeye hakwenda peke yake. Msafara wake uliondoka Pwani na watu zaidi ya mia moja, wengi wakiwa wapagazi kutoka Unguja na Pwani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilinusurika, liliteguka tu. Likizo ijayo nitarudi kule, na nimeshamwambia shangazi. Amesema tutakwenda sote.