Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Fedha: Tusiyachanganye

Walimu na watunza hazina wa sharika zetu hupokea mara nyingi barua na mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika mambo ya fedha, neno moja likiwekwa mahali pasipo pake laweza kumgeuza mwenye kudai kuwa mwenye kudaiwa, na kuleta ugomvi kati ya watu waaminifu. Tena wako wanaosoma Biblia ya Kiingereza watayarishapo mahubiri. Basi na tuyapambanue makundi manne ya maneno.

1. *Borrow* na *lend*. Katika lugha yetu neno "kuazima" hutumika pande zote mbili: naliazima jembe kwa jirani, na jirani aliniazima jembe. Vivyo hivyo kukopa na kukopesha ni shina moja, ila mwisho umebadilika. Kiingereza sivyo. *Borrow* ni kazi yake apokeaye, *lend* ni kazi yake atoaye. Tuseme usharika umemkopesha fundi shilingi 60,000. Mtunza hazina ataandika: *The congregation lent him 60,000 shillings.* Akiandika *borrowed from him*, daftari lashuhudia kwamba usharika ndio wenye deni. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatusaidia kukumbuka: katika Mathayo 5:42, mtu ajapo kwetu kukopa, imeandikwa *borrow*, katika Luka 6:35, tuagizwapo kukopesha, imeandikwa *lend*.

2. *Price*, *cost* na *prize*. *Price* ni bei aitakayo mwenye kuuza. *Cost* ni gharama, yaani yote yatakayomtoka mwenye kununua au kujenga. Bati moja lina *price* yake. Lakini paa la kanisa lina *cost*: mabati, mbao, misumari, uchukuzi, na ujira wa fundi. Wazee waulizao bei tu, wasihesabu gharama, huacha kuta bila paa. Ndiyo maana mtu wa mnara katika Luka 14:28 alipaswa kuketi kwanza na kuhesabu *cost*. *Prize* ni tuzo apewayo mshindi, kama yule apigaye mbio katika 1 Wakorintho 9:24. Maneno *price* na *prize* yametoka katika neno moja la Kilatini, *pretium*, lakini leo yameachana. Lulu ya Mathayo 13:46 ina *price* kubwa. Mfanya biashara aliiuzia vyote alivyokuwa navyo, hakuishindania mbioni.

3. *Wages*, *salary* na *gift*. *Wages* ni ujira uhesabiwao kwa saa, kwa siku au kwa juma, hasa wa kazi ya mikono. *Salary* ni mshahara uliopatanwa kwa mwaka na kulipwa kila mwezi. Asili yake ni neno la Kilatini *salarium*, lenye shina la neno "chumvi". *Gift* ni kipawa, kitolewacho bure. Tofauti hii yapita mambo ya daftari. Katika Warumi 6:23 Mtume Paulo aliweka ujira upande mmoja na karama upande wa pili, na neno la Kiyunani alilotumia kwa ujira, *opsonia*, lilihusu posho ya askari. Mwenye kufanya kazi ana haki ya kudai ujira wake. Karama haidaiwi, hupokewa kwa shukrani. Afundishaye uzima wa milele kana kwamba ni *wages* amewaondolea wasikiao Injili yenyewe, na mwenye dhambi aliyechoka hana tena pa kutumaini.

4. *Interest* na *usury*. *Interest* ni faida iongezwayo juu ya fedha iliyokopeshwa. *Usury* kwa Kiingereza cha siku hizi ni riba ya kudhulumu. Lakini katika mwaka 1611 *usury* ilikuwa na maana ya faida yo yote ya mkopo. Kwa hiyo katika Mathayo 25:27 wafasiri wa zamani waliandika *usury*, na wale waliosahihisha Agano Jipya mwaka 1881 wakaandika *interest*. Asiyejua jambo hili atadhani bwana wa mfano ule alisifu udhalimu. Tena mkopo ukiandikwa, fedha ya asili huitwa *principal*. *Principle* ni kanuni. Asomaye mkataba na aulize kwanza: *principal* ni kiasi gani, *interest* ni kiasi gani, na siku ya kulipa ni ipi? Asitie sahihi kabla hajajibiwa.

Maswali ya kujipima:
(a) Usharika ukichukua fedha benki, utaandika *borrow* au *lend*?
(b) Kibarua alipwaye kila jioni hupata *wages* au *salary*?
(c) Kwa nini wokovu hauwezi kuitwa *wages*?

Mwalimu na ayasome haya pamoja na wazee wake, daftari la hazina likiwa wazi mbele yao. Uaminifu katika yaliyo madogo huanza kwa kuyaita mambo kwa majina yake. Bwana awape hekima.