Stroberi Zikizidi Sokoni: Namna ya Kupika Jamu

Msimu wa mavuno unapopamba moto, bei ya stroberi hushuka hata mkulima wa Lushoto huona afadhali zimwozee shambani kuliko kulipa nauli ya kuzifikisha sokoni. Tunda hili halisubiri. Siku mbili tu baada ya kuchumwa huanza kuota ukungu. Jamu huokoa jasho hilo.

Kwa kilo 1 ya stroberi, andaa sukari gramu 800 na maji ya ndimu mbili. Osha matunda kabla ya kuondoa vikonyo, yasinywe maji. Yachanganye na sukari, uyaache saa mbili. Tia ndimu, kisha chemsha katika sufuria pana huku ukikoroga. Ndimu isikosekane: stroberi ina pektini kidogo, na uchachu ndio huisaidia jamu kushika.

Vitabu vya upishi hutaja nyuzi joto 104. Kipimo hicho ni cha pwani. Mjini Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukingoja 104, jamu itakuwa nzito kama gundi. Dondoshea kidogo kwenye sahani baridi, usukume kwa kidole: ikikunjamana, imeiva.

Chemsha chupa za glasi dakika 15, zijaze jamu ingali moto, uzifunge barabara.

Anayekusudia kuuza aanzie SIDO kupata mafunzo, kisha TBS kuomba alama ya ubora.