MGEUZE! Kijitabu cha Anayeuguza Mgonjwa wa Kitandani

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kaya za Mzenga, na za jirani zetu wa upande wa Mlandizi, zenye mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe: mzee aliyepigwa na kiharusi, bibi aliyevunjika nyonga, kijana aliyeanguka na bodaboda akaumia uti wa mgongo. Kama wewe ndiye unayemlisha, unayemsafisha na unayeamka akiita usiku, basi anayeuguza ni wewe, hata kama hakuna kikao kilichokuteua.

Jambo la kwanza

Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Kwa nini tunalipigia kelele hilo

Kiharusi kilimwacha mgonjwa hai. Kinachomrudisha kwetu zahanati ni kidonda cha kiunoni, naye ana homa, ananuka na hajitambui. Tumechoka kuviona vidonda hivi, maana vingi vingezuilika bila dawa.

Mgonjwa akilalia sehemu moja muda mrefu, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, inakufa. Inaweza kuoza kuanzia chini. Leo unaona weusi kidogo juu ya ngozi, baada ya siku chache ni shimo la kuingia ngumi. Shimo hilo huchukua miezi kupona, likipona.

Saa za kugeuza

Kumi na mbili, mbili, nne, sita, nane, kumi, kisha kumi na mbili tena. Ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Simu ya kitochi ina alamu, itumie. Kila ukigeuza, weka alama ya mkaa nyuma ya mlango, ili atakayekupokea zamu ajue mgonjwa alilaliaje.

Mwambie kabla hujamgusa: "Babu, nakugeuza upande wa dirishani." Hata asiyeweza kujibu huenda anasikia. Msimburute, ngozi inachubuka. Tandika kitenge chini yake, mshike huku na huku watu wawili, mnyanyue. Akiwa ubavu, usimlaze akakandamiza nyonga. Muegemeze kidogo, mto mgongoni, mto kati ya magoti. Mito yetu ya sufi inafaa sana. Chini ya miguu weka mto mwembamba ili visigino vining'inie.

Maneno tunayoyasikia kila mara

"Amelala, tusimsumbue." Mgeuze.

"Anaumia tukimgusa." Ataumia zaidi kwa kidonda. Kama maumivu ni makali, mwambie mhudumu wa zahanati, dawa za maumivu zipo.

"Tunamsubiri mwanawe arudi kutoka shamba." Hapa tuseme wazi. Nyumba nyingi mgonjwa ni baba mkwe na aliyebaki nyumbani ni mkamwana. Anaona haya kumshika mkwewe, na mzee naye anaona haya kushikwa. Heshima hiyo tunaijua, hatuidharau. Lakini mzee anakaa mkao mmoja tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mwili hauna habari za ukwe. Muiteni mjukuu wa kiume, babu na mjukuu ni watani. Muiteni jirani. Wakikosekana, mkamwana amfunike mzee khanga, amgeuze akiwa amesitirika. Kaya ikubaliane mapema nani atamgeuza, siku ile ile mgonjwa anapotoka hospitali. Na wanaume wa nyumba wasijitoe: mwenye nguvu za kubeba gunia la mkaa anaweza kumgeuza baba yake kabla ya kutoka.

Kitanda

Kitanda cha kamba, teremka tukaze, kikilegea, makalio yanazama katikati na nyonga inagonga ubao. Kazeni kamba, au mumhamishie kwenye godoro nene la sponji. Nailoni ya kuzuia mkojo isiguse ngozi, tandika khanga juu yake, uinyooshe. Mkunjo mmoja wa khanga unatosha kuanzisha kidonda. Msimkalishe juu ya kata ya kitambaa mkidhani mnamsaidia, kwani inabana nyama pembeni.

Anayekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe naye yumo. Mnyanyue au muegemeze upande kila nusu saa.

Tazama kila siku

Kiuno, matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, kisogo. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, hivyo tumia na mkono: palipo na joto, pagumu, au peusi kuliko pembeni, pameanza. Usipasugue. Usimlalishe tena hapo mpaka parudi kawaida.

Usifanye haya

Usimkande kwa maji ya moto mguu uliopooza. Huenda hausikii moto, ataungua wala hatalia. Usifungue kapsuli za rangi mbili ukanyunyiza unga kwenye kidonda. Usipake majivu, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Usimpunguzie maji ya kunywa kwa kuogopa kufua. Usimlishe akiwa amelala: mkalishe, mpe kijiko kidogo kidogo, asubiri nusu saa kabla ya kulala. Akikohoa kila akinywa, acha, mwone mhudumu, chakula kinaweza kuwa kinaingia njia ya hewa. Mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini kuliko kibofu, lakini usilale sakafuni. Na usimlaze kwenye mkojo hata kama saa ya kugeuza haijafika: msafishe, mkaushe, mgeuze.

Dawa ya presha

Kama mgonjwa ameandikiwa, inanywewa kila siku, hata siku anayojisikia mzima.

Wewe unayeuguza

Usimwachishe shule binti ili akushikie zamu. Nduguze walioko Dar wasitume hela tu. Waje wakae wiki, nawe ulale.

Lini umpeleke

Ngozi ikipasuka, hata padogo kama kucha, nenda zahanati leo. Harufu mbaya, homa, usaha au kuweweseka ni dharura, usingoje kesho wala usiku uingie. Wakati wa masika barabara ya Mlandizi–Mzenga–Maneromango si ya kuichezea usiku, na kidonda kilichochelewa kinaweza kuishia hospitali ya Tumbi, si hapa kwetu. Chukua cheti cha hospitali na dawa zake zote. Kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, muulize mtendaji wa kijiji kuhusu utaratibu wa msamaha wa matibabu kabla hamjahitaji.

Njiani tandika godoro. Foleni ikiwa ndefu, mgeuze hapo hapo kwenye benchi.