Pawa saplai ya swichingi au ya transfoma?

*Nina kibanda cha ufundi hapa Dunda, Bagamoyo, karibu na ufukwe. Natengeneza simu, subufa na redio za gari, na siku hizi wavuvi wananiletea GPS zao na vile vifaa vya kutafutia samaki. Mpaka leo nimekuwa nikitumia betri ya sola na chaja za laptop zilizokufa. Nimedunduliza laki mbili na nusu ninunue pawa saplai ya mezani. Fundi mmoja Kariakoo ananiambia nichukue ya transfoma, eti za swichingi ni takataka, zina kelele. Mwingine anasema za transfoma zimepitwa na wakati. Jioni umeme hapa kwangu hushuka, mita inasoma hadi 190. Halafu kuna kijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa kaniletea kipriamp chake cha gitaa cha volti 9. Nikikiwasha kwa swichingi ya jirani kinatoa mlio mwembamba, nikikiweka betri kinanyamaza. Nifanyeje? – Fundi wa Dunda*

Mwanangu, wote wawili wamekwambia nusu ya ukweli, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza meza yako inafanya kazi gani wala kibanda chako kiko wapi. Uamuzi wangu ni huu: nunua ya swichingi, ya transfoma itengeneze mwenyewe, na kabla ya yote hayo mega sehemu ya hizo pesa umlipe fundi umeme akuwekee ethi.

Saplai ya transfoma huchukua volti 230 za ukutani ikazishusha kwa transfoma kubwa ya chuma. Dayodi nne huugeuza umeme kuwa wa DC, kapasita ikaulainisha, kisha transista ikazuia volti zote usizozihitaji. Zile zinazozuiwa hugeuka joto. Tuseme ndani kuna volti 18, nawe unaamsha simu kwa volti 4 na ampea 2. Simu inakula wati 8, transista inaungua na wati 28. Ndiyo maana saplai hizo zina mabati makubwa ya kupoozea mgongoni.

Ya swichingi haianzi na transfoma kubwa. Inaugeuza umeme wa ukutani kuwa DC papo hapo, volti kama 325, kisha inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye kitransfoma kidogo cha feraiti. Kadiri ukataji unavyokuwa wa kasi ndivyo kitransfoma kinavyoweza kuwa kidogo, na upotevu ni mdogo: iliyotengenezwa vizuri hukupa asilimia 80 hadi 90 ya umeme inaokula. Wala si mambo ya jana. Kompyuta ya Apple II ilitoka mwaka 1977 ikiwa na saplai ya namna hii, kazi ya mhandisi Rod Holt, na chaja ya simu iliyoko mfukoni mwako leo inafuata njia hiyohiyo.

Sasa tazama meza yako. Subufa ya gari inaweza kukudai volti 12 na ampea 10. Saplai ya transfoma ya kutoa hivyo kwa saa nzima ni mzigo wa kilo kadhaa, na sidhani laki mbili na nusu itakupa mpya ya kuaminika. Vifaa vya wavuvi navyo vinaishi kwenye betri ya boti, ambayo ikichoka iko volti 11 na ikichajiwa na injini inapanda 14.4. Kifaa kinachofanya kazi vizuri mezani kwa volti 12 kamili kinaweza kuzimika kikiwa baharini, hivyo unahitaji saplai unayoweza kuizungusha kutoka 11 hadi 14.4 huku ukitazama ampea zinavyokwenda. Kazi hiyo swichingi inaiweza bila jasho.

Halafu kuna hiyo mita yako inayosoma 190. Hapo ndipo yule fundi wa Kariakoo alipokosea zaidi. Chukua saplai ya transfoma yenye transfoma ya volti 15. Umeme ukiwa 230, baada ya dayodi unapata kama volti 20 kileleni. Uivute ampea moja, kwa kapasita ya mikrofaradi 4700, bonde la wimbi linashuka karibu volti mbili chini ya hapo, na IC ya kudhibiti nayo inataka volti kama tatu za kwake. Bado unabaki na 14 na ushee, 12 unaipata bila shida. Jioni umeme ukifika 190, kile kilele kinakuwa 16, bonde linakuwa 14, na ukitoa tatu za IC umebaki na 11. Hapo udhibiti umeisha, na ule mvumo wa 100 kwa sekunde unaingia moja kwa moja kwenye spika. Saplai iliyosifiwa kwa usafi inakuwa chafu kuliko ile iliyotukanwa, na wewe unahangaika kubadili kapasita za subufa isiyo na ubaya wowote. Swichingi iliyoandikwa 100 hadi 240 haitahisi chochote. Angalia tu isiwe ile yenye kiswichi cha kuchagua 110 au 220, maana hiyo uvumilivu wake ni mdogo zaidi, na mtu akikigusa kiswichi kwa bahati mbaya utasikia mlipuko.

Kelele ipo, sikatai. Ukataji ule huacha miiba midogo kwenye umeme unaotoka, makumi ya milivolti na pengine zaidi kwenye saplai za bei chee, wakati ya transfoma iliyojengwa vizuri na isiyoelemewa huwa chini ya milivolti moja au mbili. Simu haijali, kwa kuwa ina vidhibiti vyake ndani. Subufa haijali sana. Wanaojali ni redio, priamp, na kipimo chochote cha ishara ndogo. Kwa hao utajenga saplai yako ya pili, nitafika huko.

Ethi kwanza. Ndani ya swichingi kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa kutokea ili kupunguza kelele. Ukichomeka kwa plagi ya pini mbili, au soketi ikawa na tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake, upande wa kutokea unaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, volti mia na kitu. Ampea zake ni kidogo mno kukuua, lakini ndizo zinazokutekenya ukigusa bodi ya chuma, na zinatosha kutoboa IC nyepesi ya simu pale unapogusisha ncha ya chuma cha kulehemea. Simu iliyokuja na shoti ndogo ikaondoka imekufa kabisa, mara nyingine mhalifu ni huyu. Fundi umeme achimbie fimbo ya shaba, aipime, alete waya mpaka kwenye soketi. Msumari wa ukutani si ethi, na bomba la maji la plastiki halifai pia.

Kariakoo nenda na taa mbili za gari za wati 55 na mita yako. Taa moja kwa volti 12 inakula ampea nne na nusu hivi, mbili ukizifunga pamoja zinakaribia tisa. Saplai iliyoandikwa ampea 10 izibebe dakika kumi bila volti kuporomoka wala harufu. Muuzaji akikataa, vuka uende duka la pili. Beba pia redio ndogo yenye AM, iweke katikati ya stesheni, isogeze karibu na saplai inayofanya kazi. Zote zitavuma, wewe tafuta inayovuma kidogo. Chagua yenye kitufe cha kuwasha na kuzima upande wa kutokea peke yake, na zoea kupanga volti na kikomo cha ampea kabla ya kugusisha waya. Hata hivyo kapasita ya mlango wa kutokea inabaki imejaa, kwa hiyo kikomo hakitaiokoa LED uliyoigusisha ghafla.

Kuhusu chumvi: feni ya swichingi huvuta hewa ya bahari mchana kutwa, vumbi linanata, unyevu unaingia, na kwenye bodi yenye volti 325 hiyo ni njia ya umeme kupita pasipotakiwa. Iweke mbali na dirisha la ufukweni, ifunike usiku. Ukiifungua kuipiga brashi na spiriti, chomoa plagi, kisha pima ile kapasita kubwa kwa mita kabla ya kidole, maana huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Ya transfoma utaijenga kwa vitu ambavyo nusu yake umeshavitupa pembeni. Toa transfoma ya volti 18 kwenye amplifaya iliyokufa (18, si 15, kwa sababu ya jioni zako), fyuzi upande wa ukutani, dayodi nne, kapasita ya 4700 ya volti 50 na LM317 kwenye bati la kutosha. Risista ya omu 240 na kizungusho cha omu elfu 5 zitakupa kuanzia volti 1.25 kupanda juu. LM317 inabeba ampea moja na nusu kwa kiwango cha kiwandani. Wewe ihesabie moja, tena kwa volti ndogo hata hiyo itaipasha moto sana.

Kipriamp cha kijana wa TaSUBa usikifungue bado. Kinakula miliampea chache tu, na swichingi nyingi zikikosa mzigo huanza kuruka mapigo, zinakata kidogo, zinapumzika, zinakata tena. Ukataji wa kawaida ni wa kasi isiyosikika, ila huko kuruka kunaangukia ndani ya masikio ya binadamu, nadhani ndio huo mlio wako. Funga risista ya omu 33 ya wati 5 sambamba na kipriamp, kwa volti 9. Itavuta karibu robo ya ampea na itapata moto, usiishike. Mlio ukibadilika au ukatoweka, basi tatizo ni saplai ya jirani. Mrudishie kijana kidude chake, na usimtoze pesa ya kukifungua.