Subirini Majibu Yote, Kisha Muanze Tiba

Leo namjibu binti aliyeniandikia kwamba mama yake amekutwa na saratani ya mapafu, tena imeshasambaa. Mama hajawahi kuvuta sigara. Daktari ameagiza vipimo vya EGFR, ALK na PD-L1. Ndugu wamegawanyika: wengine wanasema kusubiri majibu ni kuchezea uhai wa mama, dripu zianze mara moja.

Pole sana, mdogo wangu. Najua kusubiri kunavyouma. Hata hivyo, kama daktari anaona hali ya mama inaruhusu, subirini.

EGFR ni protini iliyo kwenye utando wa seli. Hupokea ujumbe wa kukua, ikaupitisha ndani kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, na seli ikagawanyika. Kinasaba chake kikipata hitilafu, huwa kama swichi iliyokwama: ujumbe unaendelea kwenda ingawa hakuna aliyeutuma. Hitilafu hiyo huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, ndiyo maana kwa mama yako kipimo hiki si anasa. Ikipatikana, kuna vidonge vya kuizima, kama osimertinib. Katika utafiti wa FLAURA, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa nusu ya waliotumia dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 38.

PD-L1 nayo ina habari zake. Kinyama alichokatwa mama huhifadhiwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa dawa, kisha mtaalamu huangalia kwa hadubini ni seli ngapi za saratani zimezungukwa na rangi ya kahawia. Hiyo kahawia ndiyo protini ambayo saratani huitumia kuzituliza seli za kinga zisiishambulie. Seli zenye rangi hiyo zikifika asilimia 50 au zaidi, na vinasaba vya EGFR na ALK havina hitilafu, tiba ya kinga, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili, huweza kutumika peke yake. Katika utafiti wa KEYNOTE-024, baada ya miaka 5 wagonjwa kama 32 kati ya 100 walioanza na pembrolizumab, dawa ya tiba ya kinga, walikuwa hai, na 16 kati ya 100 walioanza na kemo.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Jibu la PD-L1 likitangulia na likawa juu, kila mtu anataka tiba ya kinga ianze. Lakini kama EGFR ina hitilafu, tiba hiyo mara nyingi haisaidii sana, na mgonjwa akihamia osimertinib muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba huongezeka. Mama akizidiwa kabla ya majibu, mwulizeni daktari kama anaweza kuanza na kemo, tiba ya kinga ikisubiri.

Takwimu hizo ni za watu wengi; hakuna anayeweza kuzisoma akakutajia siku za mama yako. Kazi ya takwimu ni kuwasaidia kuchagua njia.

Mkirudi kliniki, beba daftari. Uliza kama kinyama kilichobaki kinatosha vipimo vyote vitatu, majibu yatatoka lini, na uombe nakala. Mchango wa kwanza wa ukoo uende kwenye vipimo hivyo.

Dada yenu