SOMO LA WIKI: Mota, kidhibiti kasi na biti za mashine ya kuchonga mbao

Anayesafiri kwa barabara kuu ya TANZAM kutoka Iringa kwenda Mbeya hawezi kuipita Mafinga bila kuona marundo ya mbao za paina yakisubiri malori. Nyingi zinatoka shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini, na nyingine kwenye mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka. Sehemu kubwa ya mbao hizo huondoka zikiwa mbao tu. Mwenye kuzigeuza kuwa mlango wenye maua, kichwa cha kitanda au kabati ndiye anayekula mnofu, na mara nyingi mtu huyo yuko mbali na Nyanda za Juu Kusini.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya wenye karakana Mbeya na Iringa wameanza kuunda mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Fremu inachomelewa na fundi wa hapa hapa, reli na mota ndogo za kusukuma zinaagizwa, na programu inawekwa na kijana aliyesoma ufundi. Huko kote makosa yanasahihishika. Fedha za mwekezaji mdogo huungua katika vitu vitatu ambavyo hununuliwa mwishoni, mfuko ukiwa umekwisha kuwa mwepesi: mota ya kuzungusha biti, ambayo mafundi wanaiita spindeli, kidhibiti cha kasi yake, na biti zenyewe. Somo la leo ni juu ya hivyo vitatu.

Mota ipi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kufunga rauta ya mkono, ile ile anayoitumia seremala kupiga ukingo wa meza. Inapatikana katika maduka ya vifaa, inachomekwa kwenye umeme wa kawaida, na ina kirekebisha kasi chake ndani. Ubaya wake ni kelele, kaboni zinazokwisha, na beringi ambazo hazikutengenezwa kwa kazi ya saa sita mfululizo. Kwa mtu anayejaribu biashara kwa saa mbili tatu kwa siku, ni mwanzo mzuri wala si aibu. Anayenunua rauta ahakikishe tu kwamba kaboni zake zinauzwa peke yake.

Ya pili ni mota ndogo ya umeme wa DC ya wati 500 au pungufu. Inafaa vibao vya majina na maua mepesi. Kwa mlango haifai, na anayekuambia inafaa anataka kumaliza mzigo wake.

Ya tatu ni spindeli yenyewe, mota ya fezi tatu isiyo na kaboni, ambayo kwa karakana ndogo huuzwa kwa ukubwa wa kilowati 0.8, 1.5 na 2.2. Hapa wengi hukimbilia 2.2 kwa fikra kwamba kubwa ni bora. Spindeli hiyo ina uzito wa karibu kilo 5. Ukiitundika kwenye fremu iliyoundwa kwa mbao au bomba jembamba, mkono utatikisika, mlango utatoka na mawimbi, na hizo kilowati 2.2 hutazitumia kamwe kwa sababu fremu itashindwa kabla ya mota. Maoni yetu ni kwamba fremu nyepesi ichukue 0.8 au 1.5, na fedha inayobaki inunue biti. Fremu nzito ya chuma ndiyo ichukue 2.2.

Angalia pia koleti, yaani kishikio cha biti. Spindeli yenye koleti ya ER11 hushika shina la biti hadi milimita 7. Yenye ER20 hushika hadi milimita 13. Biti nyingi za maumbo ya milango huja na shina la milimita 8, 12 au nusu inchi, hivyo mwenye ER11 hawezi kuzitumia. Na tahadhari: shina la milimita 6 na lile la robo inchi si kitu kimoja. Robo inchi ni milimita 6.35. Ukibana shina la milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, biti itacheza, na kwa kasi ya mizunguko 18,000 kwa dakika biti inayocheza ni risasi.

Swali la hewa au maji

Spindeli hupozwa kwa feni au kwa maji. Hapa wauzaji wa Kariakoo hawawezi kukushauri vizuri, maana wao wako usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa huo na Mafinga karibu 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto pungufu. Vifaa vya umeme vya aina hii kwa kawaida hukadiriwa kwa miinuko isiyozidi mita 1,000, na kanuni iliyozoeleka kwa vidhibiti kasi ni kupunguza uwezo kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 za ziada. Kwa Mbeya hiyo ni asilimia 7, kwa Mafinga 9.

Hata hivyo tusitiane hofu. Vifaa hivyo hivyo hukadiriwa kwa joto la nyuzi 40, ambalo Mbeya hatulijui. Baridi yetu inarudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umechukua. Anayepoteza faida hiyo ni yule anayefungia kidhibiti ndani ya sanduku lisilo na matundu, au anayekiacha wazi kikajaa vumbi la mbao. Kiweke mbali na vumbi, kwenye sanduku lenye feni na kichujio cha kitambaa kinachofuliwa kila wiki.

Spindeli ya maji haina kelele na hupoa vizuri hata ikizunguka polepole. Lakini pampu ikikatika bila mtu kuona, mota huungua kwa dakika chache. Na kwa huku kuna jambo la Juni na Julai: sakitu. Katika karakana ya mabati mabonde ya Mufindi au Makete, maji yaliyolala ndani ya spindeli usiku yanaweza kuganda na kuipasua njia yake. Changanya na kulanti ya rejeta ya gari, isiyoganda, ambayo pia inazuia kutu. Asubuhi ya baridi usianze na kasi kubwa. Izungushe kwa mizunguko 8,000 kwa dakika kama kumi bila kukata kitu, grisi ya beringi ipate moto.

Kidhibiti kasi ndicho kinachoua

Spindeli ya fezi tatu haifungwi moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO, hata kama karakana yako ina fezi tatu. Inapitia invata, ambayo hupokea umeme wa nyumbani wa fezi moja na kutoa fezi tatu zenye mzunguko unaobadilika. Hesabu yake ni rahisi: kwa spindeli ya kawaida, zidisha hezi kwa 60. Hezi 400 ni mizunguko 24,000 kwa dakika. Hezi 50, yaani umeme wa nguzo, ni 3,000 tu.

Hapa ndipo palipo na hatari, na ninaomba msomaji asome taratibu. Spindeli imetengenezwa ipokee volti 220 inapokuwa kwenye hezi 400. Ikiwa kwenye hezi 50 inapaswa kupata kama volti 27. Lakini invata nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mota ya kawaida ya pampu au kinu, yaani volti 220 kwa hezi 50. Ukiiwasha hivyo, spindeli inapewa mara nane ya inachohitaji na waya zake za ndani zinaungua. Nimeshuhudia jambo hilo katika karakana moja Mbeya. Vijana watano walikuwa wamechanga akiba yao, wakafunga kila kitu vizuri, wakabonyeza kitufe cha kijani. Spindeli ilinguruma, ikatoa harufu, na kabla hawajamaliza kupongezana ilikuwa imekwisha. Haikuwa imekata hata unyoya wa mbao.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, fungua kitabu cha invata na upange mambo matatu: hezi ya juu kabisa iwe 400, hezi ya msingi ambapo volti 220 hufikiwa iwe 400, na hezi ya chini iwe kama 120 ili mtu asiizungushe polepole kupita kiasi. Kwenye invata za Huanyang, ambazo ni za bei nafuu na zimeenea duniani, namba zake ni PD005, PD004 na PD011, na PD005 ndiyo ya kuanza nayo. Amperi zilizoandikwa kwenye kibandiko cha spindeli ziingizwe pia, maana ndizo zinazoiambia invata lini ijizime. Asiyejua Kiingereza cha kitabu amtafute mwalimu wa umeme wa VETA au mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ampe chochote. Ni fedha ndogo kuliko spindeli.

Mengine ya invata nayapita haraka. Ya kilowati 2.2 usiichomeke kwenye soketi ya ampia 13. Vuta laini yake kutoka kwenye bodi kama ya jiko la umeme. Waya wa ardhini uwe wa kweli, umefungwa kwenye fremu, kwenye spindeli na kwenye invata, vinginevyo kompyuta itachanganyikiwa katikati ya mlango. Msimu wa mvua na radi, kuanzia Novemba, chomoa kabisa jioni. Na usiifungue mara baada ya kuzima: ndani hubaki zaidi ya volti 300. Subiri dakika kumi.

Biti na hesabu yake

Biti za chuma cha kawaida, zilizoandikwa HSS, ni rahisi kununua na hupotea makali haraka. Za kabaidi ni ghali na hudumu. Mfanyabiashara asiangalie bei ya biti bali bei ya biti kwa kila mlango. Tuchukue tarakimu za mfano tu, si bei ya soko: biti ya sh. 8,000 inayochonga milango miwili inakugharimu sh. 4,000 kwa mlango, ya sh. 25,000 inayochonga milango kumi ni sh. 2,500. Andika katika daftari kila biti imefanya milango mingapi, nawe baada ya mwezi utakuwa na hesabu yako mwenyewe.

Kitu kinachoua makali kuliko ubishi wa mbao ni biti kusugua badala ya kukata. Kila kisu cha biti lazima kichukue unyoya wa kutosha ambao utaondoka na joto. Unene wa unyoya huo unapatikana kwa kugawa mwendo wa mashine kwa mizunguko, kisha kwa idadi ya visu. Mashine iliyoundwa nyumbani ikienda milimita 2,400 kwa dakika, na biti ya visu viwili ikizunguka mara 24,000, unyoya ni milimita 0.05: huo ni unga. Mbao inaungua, biti inakuwa nyeusi. Shusha kasi hadi 12,000 na unyoya unakuwa milimita 0.1. Au tumia biti ya kisu kimoja. Kumbuka tu kwamba kwa nusu ya kasi spindeli hutoa karibu nusu ya nguvu, hivyo punguza kina cha kukata.

Biti pana za kuchonga paneli za milango, za milimita 50 hivi, zisizungushwe kabisa kwa 24,000. Ncha yake ingekuwa inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Soma kasi ya mwisho iliyoandikwa kwenye shina. Isiyoandikwa kitu, usiinunue.

Paina ina utomvu. Unaganda kwenye biti na biti inaonekana butu kumbe ni chafu. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, upige mswaki asubuhi. Mbao mbichi kutoka Mafinga haichongeki, hutoa manyoya na baadaye mlango hupinda. Ipange kivulini yenye vijiti katikati hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 15. Mninga wa Chunya hukata safi, lakini usiufanye wa kujifunzia. Na vumbi la mbao, ambalo wataalamu wa saratani wa kimataifa waliliweka mwaka 1995 katika orodha ya visababishi vya saratani, linahitaji bomba la kulivuta na barakoa, hata kama fundi wako anasema amezoea.

Sasa tuone gharama ya kosa moja. Tuseme mashine yote imekula sh. 6,000,000 nawe unataka zirudi kwa miaka miwili, ukifanya kazi siku 250 kwa mwaka, saa nne kwa siku. Hizo ni saa 2,000, hivyo kila saa lazima itoe sh. 3,000 za kurudisha mtaji kabla ya umeme, biti, kodi na mshahara. Ukitoza sh. 10,000 kwa saa, unapumua. Lakini spindeli ikiungua nawe ukasubiri nyingine siku 12 za kazi, umepoteza saa 48, yaani sh. 480,000 za mapato, mbali na bei ya spindeli mpya. Ikibidi isubiri meli kutoka China, siku 12 ni matumaini.

Unapokuwa dukani, izungushe spindeli kwa mkono kabla hujalipa. Iende laini bila kukwaruza. Kisha funga biti ndefu na utazame ncha yake ikizunguka polepole. Ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, koleti au ekseli imepinda. Irudishe mezani, uombe nyingine.